Miezi Mitatu Bila Usukani

Makambako
5 Juni 1993

Ndugu Silvesta,

Kamwene. Ni mimi Zubeiri wa JKT Mafinga, yule Mrangi uliyekuwa ukimgawia blanketi lako. Dereva mmoja wa mbao ameniambia uko misheni nje ya Njombe, unafanya kazi ya maabara, unapima damu na makohozi. Nimefurahi, na mara moja nikaona ni Mungu tu.

Mimi niko Makambako mwaka wa kumi sasa. Naendesha lori la kaka yangu Abdulsalam. Napeleka viazi na mbao Dar es Salaam, narudi na sabuni, saruji, mitumba, chochote kinachoruhusiwa kuuzwa, na siku hizi kinaruhusiwa kila kitu.

Nina mke, anaitwa Rukaya. Ndoa ina miaka saba na hatuna mtoto. Amekunywa mizizi ya kila mganga. Amekwenda hospitali ya Ikonda mara mbili, mvua na matope, na mara ya pili aliporudi alilala siku mbili kwa uchovu. Huko walimpima wakasema kwake hawaoni kasoro, wakampa karatasi kwamba mume naye aje. Karatasi ile niliikunja nikaisukumia chini ya kapeti la gari. Nilimwambia nimesahau, baadaye nikamwambia safari zimebana, baadaye akaacha kuuliza.

Sasa mama yangu ametuma maneno kutoka Kondoa. Kaka naye anasema mwaka usiishe kabla sijaongeza mke au kubadilisha. Ameshanitafutia binti. Nimejibu nitafikiri. Lakini kuna jambo linanitisha. Nikioa wa pili, na yeye akakaa miaka saba, nitamtazama nani?

Naomba unijibu kama rafiki. Mwanaume mwenye nguvu zake zote, asiyeumwa chochote, anaweza kuwa na kasoro? Na ipo njia ya kujua bila Makambako nzima kujua? Jibu kwa kondakta huyu huyu wa basi, bahasha uigundishe vizuri.

Zubeiri


Misheni, Njombe
9 Juni 1993

Ndugu Zubeiri,

Kamwene sana. Mke wangu Oliva alinikuta nacheka peke yangu na bahasha mkononi. Nilimwambia ni rafiki wa Mafinga, basi. Mengine hajui na hatajua.

Swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo. Nguvu za mwanaume ni kitu kimoja na mbegu zake ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na nguvu tele huku mbegu zimepungua. Nimepima hapa mpasua mbao mwenye mabega kama mlango, sikukuta kitu. Namfahamu mwalimu mwembamba kama ufito, ana watoto tisa. Kwa kumtazama mtu huwezi kujua. Katika nyumba nyingi zinazokosa mtoto, karibu nusu yake, upande wa mume nao unahusika. Lakini anayebeba jina ni mke.

Swali la pili nalo jibu lake ni ndiyo. Geuza ukurasa.

Uje Jumamosi asubuhi. Kabla ya hapo kaa siku tatu au nne bila kumkaribia mkeo. Usipite mbele, watu watakuona. Zunguka mlango wa nyuma, ule unaotazama bustani ya masista. Nitakuwa nakungoja. Ukishaona utakachokiona, hutakuwa mtu yule yule.

Silvesta


Makambako
21 Juni 1993

Ndugu Silvesta,

Nimekwenda Dar nikarudi, na bado sijapata maneno.

Uliniambia nifumbe jicho moja, la pili niliweke kwenye hadubini. Mwanzo niliona ukungu, na kope zangu mwenyewe kama matete. Jenereta ilikuwa imezimwa, ukageuza kile kioo kidogo cha chini kikashika jua la dirishani, na ukungu ukafunguka. Nilidhani nitaona maji tu. Nikaona viumbe. Mmoja alikatiza mbele ya jicho langu, mkia unapiga, anakwenda zake kama mtu mwenye anwani mfukoni. Nikakuuliza, "Huyu ni nani?" Ukasema, "Huyu ni wewe."

Nimeshuka mlima Kitonga na tani saba breki zikinuka, na sikunyamaza namna ile. Miaka thelathini na tatu natembea na umati, sijui.

Kisha nikaona hutabasamu. Ukanionyesha wale wengine, waliolala kama dagaa juu ya mkeka. Ukahesabu vile vyumba vya kwenye kioo, ukahesabu tena. Ukasema kitabu kinataka angalau milioni ishirini katika mililita moja, na mimi ninazo sita, na katika hao sita wengi hawatembei. Milioni sita, Silvesta. Chukua watu wote wa Makambako na Njombe, weka na Iringa, hawafiki hapo, na wewe unaniambia ni wachache. Njia nzima mpaka Chalinze nilikuwa nawaza ni safari ya namna gani hiyo, inayotaka wasafiri wengi hivyo ili afike mmoja.

Nitakuja tarehe tatu Julai tupime tena, kama ulivyosema tusihukumu kwa mara moja. Rukaya hajui. Nimemwambia nilikwenda kutazama mbao.

Zubeiri


Misheni, Njombe
6 Julai 1993

Ndugu Zubeiri,

Kipimo cha pili kimekuja karibu sawa na cha kwanza. Ni milioni saba, na wengi wamelala. Daktari wetu aliyekushika tumbo na mapaja hakukuta mshipa uliovimba wala dalili ya ugonjwa. Ndiyo maana nilikukalisha kwenye lile benchi nikakuuliza unavyoishi, tangu unapofungua macho.

Umeniambia injini ya lori lako iko ndani ya kabini, na siku ya safari unakaa ubavuni mwake saa kumi na nne, mpaka unakunja gunia ukalie. Ukifika kwetu baridi inakuuma, unajitumbukiza kwenye pipa la maji ya moto hadi shingoni. Suruali zako ni jinzi za mtumba ambazo kuzivua ni kazi ya watu wawili. Sigara pakiti mbili. Ulanzi kila unapopakia viazi, ingawa nyumbani hawajui kama unakunywa pombe. Usingizi ni wa saa tatu tatu. Ukisikia moja moja utasema ni maisha ya dereva, yana nini.

Sasa nikuambie kitu ambacho mimi sijawahi kukizoea. Mungu ameuweka moyo ndani ya mbavu na ubongo ndani ya fuvu. Lakini kiwanda cha mbegu amekitundika nje, mahali pa kuumia kirahisi, kwa sababu kinataka ubaridi kidogo kuliko mwili. Kukiwa na baridi kinajivuta juu, kukiwa na joto kinashuka, chenyewe, hata ukiwa umelala. Kila moyo unapopiga mara moja, mwanaume mzima anatengeneza kama elfu moja. Na mbegu moja inachukua siku sabini na kitu kuumbwa, kisha wiki nyingine mbili hivi ya kujifunza kutembea. Maana yake wale uliowaona Juni walianza kuumbwa Machi. Wamepikwa na joto la Machi na moshi wa Machi.

Kwa hiyo ukibadilika leo hutaona chochote mpaka miezi mitatu ipite. Lakini ikipita, wale wa zamani wote watakuwa wameondoka na wamekuja wengine. Siwezi kukuahidi. Wapo madereva wanaoishi kama wewe wana watoto kumi, na wapo walioacha yote wasipate. Nakueleza kile ninachokijua, basi.

Shuka kwenye lori miezi mitatu. Maji yawe ya vuguvugu. Sigara na ulanzi viache kabisa. Lala kama watu.

Na mwambie shemeji. Alikwenda Ikonda kwa ajili yenu wawili.

Silvesta


Makambako
16 Agosti 1993

Kwa Shemeji Silvesta,

Hatujaonana. Jina lako nimelikuta chini ya karatasi iliyokuwa kwenye koti la mume wangu nilipotaka kulifua. Ni ukurasa mmoja tu, wa kwanza haupo; ile bustani ya masista ndiyo iliyonionyesha ulipo.

Umemwandikia aje Jumamosi kwa mlango wa nyuma. Umemwandikia akae siku tatu au nne bila kunikaribia. Umemwandikia kwamba akishaona atakachokiona hatakuwa mtu yule yule, na hapo umesema kweli, maana tangu Juni haniangalii usoni. Anasema anatazama mbao. Kaka yake anaongea mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti, kwamba binti ameshapatikana na kinachongojwa ni siku.

Sikuandikii kwa ugomvi. Najua dini yetu inamruhusu. Nataka kujua tu kama huyo binti yuko huko kwenu, na kama wewe ndiye unayemwandaa. Miaka saba nimekunywa uchungu wa kila jani linaloota kati ya hapa na Tandala. Kama naachwa, naomba niachwe mchana, na nitoke mlango wa mbele.

Rukaya


Misheni, Njombe
20 Agosti 1993

Shemeji Rukaya,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na sijakaa.

Hakuna binti huku. Hilo nakuapia. Kilichomleta mume wako kwangu ni kazi yangu, na kazi yangu imenifunga mdomo, hata mke wangu hajui. Kilichobaki kitatoka kinywani mwake mwenyewe.

Neno moja nadhani naruhusiwa kulisema. Yale majani machungu, usinywe mengine.

Silvesta


Misheni, Njombe
20 Agosti 1993

Zubeiri,

Mkeo ameniandikia. Ameuona ukurasa wa pili wa ile barua bila wa kwanza. Anaamini mimi ni mshenga wako.

Nimemwambia hakuna binti, nikaishia hapo. Katika miaka tisa ya kazi hii nimeshika siri za padri na za mlevi, na hakuna iliyonielemea kama hii yako. Umepita Njombe na lori mara tatu tangu Julai. Naijua honi yako. Hukusimama.

Sikukuonyesha vile viumbe ili ukaogope. Nilikuonyesha ili umwonyeshe na yeye.

Silvesta


Makambako
14 Septemba 1993

Kwa Rukaya binti Hamisi
Nyumbani kwa dada Esha, Mjimwema, Njombe

Assalaam alaykum Rukaya,

Nimerudi toka Dar nikakuta nyumba imefagiliwa na ufunguo uko kwa jirani. Jirani akasema umekwenda kwa dada yako na hukulia. Hilo la kutolia ndilo lililonikalisha chini.

Barua hii nimeianza mara nne. Sasa naandika bila kupamba. Si wewe. Naandika tena usije ukadhani kalamu imeteleza. Si wewe Rukaya, ni mimi.

Silvesta alinipima Juni, akanipima tena Julai. Mbegu zangu ni chache na nyingi hazitembei. Anasema huenda ni joto la injini, na suruali za kubana, na sigara, na maji ya moto, na ulanzi, ambao nimekuwa nikinywa na wewe hujui. Huenda ni yote kwa pamoja, huenda kuna jingine. Lakini ni kwangu.

Nilijua tangu Juni. Nilijua siku ile kaka alipokaa sebuleni akasema mti usiozaa unakatwa, na wewe ulikuwa unamimina chai. Nilijua, na nikapokea kikombe nikanywa.

Karatasi ya Ikonda sikuisahau. Niliificha miaka miwili.

Jana nimemwambia kaka. Nilimpa ufunguo wa gari nikasema sitaendesha miezi mitatu, na sababu nikamweleza. Alicheka. Halafu aliniangalia akaacha kucheka. Ameniweka kwenye duka lake la spea, na kuhusu binti hajasema tena.

Sikuombi urudi. Ila kuna kitu nimekiona kwenye kile kioo ambacho sina mtu wa kumweleza. Kila kilichokuwa hai ndani yangu kilikuwa kinakwenda mahali. Hata waliochoka walikuwa wanajikokota. Nikajua walikuwa wanakuja kwako, Rukaya, miaka yote saba, na mimi ndiye niliyekuwa nawaua njiani.

Mume wako,
Zubeiri


Mjimwema, Njombe
25 Septemba 1993

Wa alaykum salaam,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka ujue.

Nilipofika pale uliposema si wewe, niliiweka chini nikatoka nje. Esha ana miti ya pichi nyuma ya nyumba, imechanua yote, jani bado hakuna. Nikasimama hapo. Nikatazama mikono yangu, nikatazama tumbo langu. Mwili huu nimeuchukia miaka saba. Nimeunyima chakula, nimeupa sumu za waganga, nimeutukana nikiwa peke yangu. Na wenyewe kila mwezi ulikuwa unaandaa chumba, unangoja, unakivunja, unaandaa tena. Haukukosa hata mwezi mmoja. Nilijisikia kama mtu aliyemsingizia mwenzake wizi huku anakaa naye nyumba moja.

Usidhani sina hasira. Si hasira ya mbegu, hakuna aliyejiumba. Hasira yangu ni ya kile kikombe cha chai.

Nitarudi Oktoba. Sharti langu ni moja. Utanipeleka Kondoa kabla ya Ramadhani, na utamwambia mama yako kwa kinywa chako mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa hapo. Utamwambia iwe tumepata au hatujapata. Sitaki kusafishwa na mtoto. Nataka nisafishwe na ukweli, mtoto akija aje kwa mambo yake.

Na nguo zako za kubana usizigawe. Mume wa Esha ni fundi cherehani, anasema jinzi mbili zinatoa mfuko mzuri wa kuwekea pilipili sokoni.

Rukaya


Makambako
28 Novemba 1993

Ndugu Silvesta,

Leo ni siku ya sitini na tatu tangu niache sigara na ulanzi. Rukaya anaziweka alama kwenye kalenda ya ukutani, ananitaka nisidanganye, na wewe pia sikudanganyi. Siku ya kumi na nane nilivuta sigara moja. Lori langu lilipita dukani na dereva mwingine, limepakia, linaelekea barabara ya Iringa, na mkono wangu ukatafuta usukani ambao haupo. Nilivuta nyuma ya choo cha msikiti. Jioni nikamwambia. Akaweka alama ya msalaba mwekundu kwenye siku hiyo, akanipa chakula.

Suruali zangu sasa ni pana, za kitambaa, kashona mume wa Esha. Madereva wananiita shehe. Naoga maji ya vuguvugu na Julai ya huku ikija nitakufa, lakini Julai bado. Ulanzi naupita na ndoo zake pale njia panda kama sijauona. Nalala saa nane nzima. Sikujua kwamba mtu akilala saa nane anaamka anasikia harufu ya mvua kabla haijafika.

Kutwa nauza bolti na fani belti, nasimama, natembea. Na mara nyingine mteja anaongea nami simsikii, maana najisikiliza moyo. Umesema mpigo mmoja, elfu moja. Nimejaribu kuhesabu kwa dakika nikashindwa kuendelea. Wale wa Januari wanaumbwa sasa hivi, wakati natafuta spana. Simwoni fundi, sisikii nyundo, na kazi haisimami. Nilikuwa naswali kwa mazoea. Siku hizi nikisujudu nakaa kidogo.

Tutakuja Januari, wote wawili.

Zubeiri


Makambako
18 Januari 1994

Shemeji Silvesta,

Nimeona niandike mwenyewe, Zubeiri atatia chumvi.

Jumamosi ile asubuhi kwa dada Esha, Zubeiri alinipa chupa kama anayenipa yai. Ulikuwa umetuagiza isipoe, na ifike kwako kabla saa moja haijaisha. Basi niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka kifuani, chini ya kanga, chini ya sweta, nikatembea, yeye akinifuata. Umande ulikuwa bado mweupe kwenye majani. Kuna mwanamke alinisalimia njiani nikashindwa kumjibu vizuri. Nilikuwa naona kama kila mtu anajua nilichobeba. Nimewahi kubeba kuni, maji, gunia la mahindi. Sijawahi kubeba kitu chepesi vile na kutembea kwa uangalifu vile.

Ulipoangalia ulikaa muda mrefu. Zubeiri alikuwa ameshika ukuta. Ukasema, "Shemeji, njoo wewe kwanza."

Sitaweza kuandika vizuri nilichokiona. Darasa la saba walituchorea ubaoni, kichwa na mkia, nikanakili, nikapata alama. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama kutazama mtaa wa soko siku ya gulio toka juu ya mti, na kila mtu ana haraka na hakuna kelele. Nilisubiri kusikia kelele. Nikajikuta nanong'ona, sijui kwa nini, nisiwashtue.

Nilikuuliza kama wanajua wanakokwenda. Ukasema kitabu hakisemi hivyo, kisha ukasema wewe mwenyewe umeuliza swali hilo miaka tisa.

Milioni ishirini na tatu, na zaidi ya nusu wanatembea. Ukasema wamevuka mstari na kwamba mstari si ahadi. Nimekuelewa. Lakini Zubeiri alipoinamisha kichwa kuangalia, alikaa hapo mpaka nikadhani amelala. Aliponyanyuka alikuwa analia bila sauti, na hakujificha. Tangu anioe sijawahi kumwona akilia. Tulirudi Mjimwema tunatembea, mimi mbele, yeye nyuma.

Msalimie Oliva. Zubeiri amesema sasa anaruhusiwa kujua.

Rukaya


Kondoa
6 Februari 1994

Dada Esha,

Amesema.

Tulifika Alhamisi. Mama mkwe alinipokea kama siku zote, kwa adabu, bila kuniangalia tumbo, na kwa kutoliangalia kwake najua ameliangalia. Ijumaa baada ya swala Zubeiri alimwomba akae. Mimi nikakaa mkekani, pembeni. Yeye akakaa mbele ya mama yake kama kijana wa jando. Akasema, "Mama, mke wangu hana kasoro. Nimepimwa mara tatu. Kasoro ilikuwa kwangu, nikamwacha abebe yeye." Akaeleza injini, sigara, yote. Ulanzi pia akausema, na hapo mama alifumba macho.

Kuku wawili walipigana mlangoni, hakuna aliyewafukuza.

Mama akauliza, "Na hivyo vidudu, mliviona kwa macho?" Zubeiri akasema, "Rukaya ndiye aliyeviona kwanza." Basi akanigeukia mimi, mara ya kwanza miaka saba ananigeukia mwili mzima. Nikamweleza. Kioo, jua la dirishani, ule mtaa wa soko usio na kelele. Nilipomwambia kwamba mbegu moja inaumbwa siku sabini na kitu, alihesabu kwa vidole akasema, "Ni uwele huo, toka kupanda mpaka kuvuna." Nikamwambia kwamba anayefika ni mmoja katika mamilioni. Alirudia neno hilo, mamilioni, kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo.

Kisha akasema, anaongea na mkeka zaidi kuliko na sisi, "Mimi nilirudishwa kwetu mara mbili kabla ya Abdulsalam. Niliporejea mara ya pili, baba yenu alikuwa ameacha kwenda kuchoma mkaa, akawa analima. Mwaka ule ule nikashika mimba. Watu walisema ni dawa ya mganga wa Kolo. Na mimi nikasema ni dawa ya mganga. Nani angejua." Akainua macho kwangu. "Na mwenzangu nikakufanyia yale yale."

Zubeiri alitaka kusema kitu, mama akamnyamazisha kwa mkono.

Jana asubuhi alichukua fimbo yake, akavaa kanga mpya, akatoka. Alizunguka nyumba kwa nyumba, zile zote alimowahi kunisema. Hakutaka nimsindikize. Nilimwona kwa mbali akisimama kila mlango, akikaribishwa haingii, anasema neno lake amesimama, anakwenda mlango mwingine. Mtaa mzima. Alirudi adhuhuri vumbi mpaka magotini, akaomba maji. Nilipompa akanishika kiganja pamoja na kikombe, akanywa hivyo hivyo, hakuniachia.

Sina mimba, Esha. Nilitaka ujue haya nikiwa sina.

Mdogo wako,
Rukaya


Njombe
27 Novemba 1994

Ndugu Silvesta,

Nimepita misheni nikaambiwa umekwenda kumzika mjomba wako. Pole sana. Naandikia hapa hapa hospitalini, juu ya paja.

Rukaya amejifungua jana asubuhi, salama, mtoto wa kike. Alianza kuumwa tukiwa kwa Esha. Mimi nilikaa kwenye ngazi za nje na wanaume wengine watatu ambao sikuwajua, na kwa saa sita tukawa ndugu.

Mkunga alitoka akaniwekea mkononi kabla sijajiandaa. Silvesta, nilikuwa nimezoea kumfikiria kama mtu wa kwenye kioo, mdogo kuliko vumbi. Huyu ana kucha. Ana mistari kwenye kiganja. Ana kisogo cha mama yangu, yule wa Kondoa, ambaye hajawahi hata kukanyaga Njombe. Alipiga chafya, na mimi nikasema samahani.

Najua utaniambia hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni nini kilichomleta, joto lililopungua au siku zilizofika. Sitabishana. Kaka Abdulsalam amekuja na basi la asubuhi, amesimama mlangoni anaogopa kuingia, na Rukaya ndiye aliyemwita, "Ingia shemeji, umsalimie." Aliingia kofia mkononi. Alimtazama mtoto, akamtazama Rukaya, akasema, "Nisamehe." Rukaya akamwambia akae, chai inakuja.

Jina tumempa Lulu. Mama ameshaambiwa kwa simu ya posta. Anasema anapanda basi, hataki kuzuiwa.

Nimeandika haya yote kwa mkono mmoja, kwenye mwingine amelala Lulu. Rukaya anasema niache kumtazama nimlete, ana njaa. Naishia hapa.

Zubeiri